Kabla ya Kununua Zinki, Pima pH

Mkulima akinionyesha mahindi yenye michirizi myeupe kwenye majani machanga, dalili ya kukosa zinki, swali langu la kwanza ni pH ya shamba lake, yaani kipimo cha uchachu wa udongo: ikiwa chini udongo ni mchachu, ikipanda uchachu hupungua. Kwa miaka niliyolima na kutembelea mashamba ya wenzangu, nimeona kwamba mara nyingi kirutubishi kinachohitajika kwa kiasi kidogo ambacho mmea unakikosa kimo ardhini, ila kimefungwa, mmea hauwezi kukichukua.

Chukua chuma. Udongo mwingi una chuma cha kutosha vizazi na vizazi, lakini pH ikipanda kwa namba moja tu, chuma kinachoyeyuka hupungua takriban mara 1,000, na zinki takriban mara 100. Manganizi, shaba na boroni nazo hupungua. Molibdeni peke yake huenda kinyume, ndiyo maana mikunde iliyodumaa kwenye udongo mchachu huchangamka ikipata chokaa, ambayo hupandisha pH: bakteria wa kwenye mizizi wanahitaji molibdeni ili kunasa naitrojeni. Kwa hiyo chokaa naipenda, lakini kwa kipimo. Kwa mazao mengi mimi hulenga pH ya 6 hadi 6.5, basi. Ukipitiliza unajitengenezea upungufu wa zinki ambao haukuwepo, na chokaa ikishachanganyika na udongo huwezi kuichambua tena.

Fosfeti, yaani fosforasi ya kwenye mbolea, nayo watu huisahau. Anayemwaga mbolea ileile ya kupandia kila msimu bila kupima hulimbikiza fosforasi, na ikizidi, mmea hupungukiwa zinki. Sababu mojawapo ni kwamba kuvu rafiki wanaoisaidia mizizi kufikia zinki hupungua.

Samadi iliyooza vizuri na mboji husaidia sana, hasa kwenye kichanga ambako boroni husombwa upesi na maji ya mvua.

Halafu angalia maji. Shamba likituama, chuma na manganizi huyeyuka hata kufikia kiwango cha sumu, huku zinki ikiadimika. Wakulima wa mpunga wa majaruba wanalijua tatizo hilo. Udongo ukikauka, boroni ndiyo hukosekana kwanza. Dalili zikijitokeza katikati ya ukame au baada ya mafuriko, usikimbilie dukani. Hali ya maji ikitengemaa, majani mapya yatakueleza.

Ukienda kupima, chota udongo sehemu nyingi za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye. Eneo lililodhoofika litengee sampuli yake. Tumia ndoo ya plastiki, kwani ndoo ya bati imepakwa zinki na itakuharibia majibu.

Majibu yakionyesha pH ya juu, chuma cha kumwaga ardhini kitafungwa kama kilichotangulia, nyunyizia majani. Na boroni usiiweke kwa kukisia hata kidogo, maana kati ya kiasi kinachotosha na kiasi kinachounguza mazao pana nafasi ndogo mno.