Watakaomtunza mama nyumbani, niwapimeje?

SWALI

Shikamoo sista. Mama yetu ana miaka 61 na ana saratani ya mlango wa kizazi. Alimaliza mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka jana, lakini ugonjwa umerudi, na madaktari wametuambia tumlete nyumbani Moshi apate tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu na mateso, si ya kuuponya ugonjwa. Tumepata huduma mbili. Moja ni ya hospitali ya misheni: wauguzi wanakuja mara moja kwa wiki, tunachangia kidogo tu, ila gari lao ni moja na lina miaka mingi. Nyingine ni kampuni ya uuguzi wa nyumbani: wana sare, wana vifaa, wanaahidi kuja kila siku, na wanatoza kwa kila safari. Kaka yetu mkubwa yuko Muscat, ndiye anayetuma fedha, naye anataka ile ya kampuni kwa kuwa anaona ndiyo yenye hadhi. Mimi ndiye ninayelala na mama. Usiku anaumia mpaka anauma kanga. Sisi si watu wa tiba. Nitajuaje ipi ni huduma nzuri kweli?

Mwana wa pili, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mfikishie mama pole zangu.

Kipimo unachokitafuta umekwisha kukiandika mwenyewe: usiku anaumia mpaka anauma kanga. Huduma itakayoufanya usiku huo uwe na usingizi ndiyo nzuri, iwe imekuja kwa gari jipya au kwa bodaboda. Miaka yangu kumi na minane katika uuguzi wa tiba shufaa imenifundisha kutotazama kwanza sare wala jengo. Watu wengi wakisikia neno hospisi, yaani huduma ya wagonjwa wasioweza kupona, hufikiria nyumba yenye vitanda, lakini huku kwetu sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika chumbani kwa mgonjwa, juu ya kitanda chake mwenyewe.

Kwa hiyo anza na mofini. Ndiyo dawa kuu ya maumivu makali ya saratani, na ile ya maji ni ya bei nafuu sana, kwa sababu ni poda inayochanganywa na maji safi na kihifadhi. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilionyesha eneo letu zima kwamba jambo hilo linawezekana hata kwa mgonjwa wa kijijini. Waulize wote wawili, bila kuzungukazunguka: mnayo mofini ya maji? Nani anaiandika? Ikiisha siku ya Ijumaa jioni, tunaipata wapi? Akikwambia, "Tutaangalia," au, "Hiyo ni ya siku za mwisho kabisa," shika hilo jibu na ulitilie shaka kubwa. Mofini hupimwa kwa ukubwa wa maumivu. Idadi ya siku zilizobaki haihusiki. Wapo wagonjwa wangu walioinywa miezi mingi huku wakipika na kwenda kanisani.

Kisha sikiliza wanavyoeleza namna ya kuitumia, kwa sababu hapo ndipo mjuzi hujitenga na anayebahatisha. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba dawa ya maumivu inywewe kwa mdomo kila inapowezekana, na inywewe kwa saa, bila kusubiri maumivu yarudi. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne. Muuguzi anayeijua atakuandikia ratiba: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi maradufu ili mama asiamshwe saa nane usiku. Atakupa pia dozi ya ziada ya kutoa maumivu yakichomoza katikati, na atakuomba uandike kila unapoitoa, kwa kuwa ndiyo itakayomwambia kama dozi ya kawaida ipande. Na atakupa dawa ya kulainisha choo siku ileile ya kwanza. Hili la choo nalisisitiza. Mofini hufunga choo karibu kwa kila mtu, na mgonjwa aliyekaa siku sita bila kwenda haja huteseka kuliko unavyoweza kudhani, halafu familia hulaumu mofini na kuiacha. Huduma inayotoa mofini bila dawa ya choo haijui kazi yake.

Ukisikia kwamba mama atakuwa teja, waulize wamejifunza wapi. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa ajili ya maumivu, kwa dozi iliyopimwa na kufuatiliwa, hayuko katika njia ya uteja. Hofu hiyo imewafanya watu wengi wafe wakilia katika nchi zetu, na bado inanikera ninapoikuta kwa mtu aliyevaa koti jeupe.

Kwa ugonjwa wa mama yako kuna jambo moja la kitaalamu ambalo familia nyingi haziambiwi. Saratani ya mlango wa kizazi ikikua huweza kubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Figo zikianza kushindwa, mofini hutoka mwilini polepole na kurundikana: mgonjwa anasinzia mno, misuli inashtukashtuka, anaweweseka. Muuguzi mzuri atauliza kuhusu mkojo kila anapokuja, atataka kujua kama miguu imevimba, na ataomba majibu ya figo yaliyotoka Ocean Road. Akiona dalili hizo atamtafuta daktari wapunguze dozi au waachanishe saa zake, na hatairuhusu familia iiache dawa ghafla. Ndiyo maana nashtuka nikisikia huduma inayomaliza kila maumivu kwa sindano ya diklofenaki. Dawa hiyo huumiza figo, na kwa mgonjwa kama mama yako inaweza kuharakisha kile tunachokiogopa. Waulize kampuni: maumivu yakizidi usiku huwa mnatoa nini? Jibu likiwa ni sindano hiyo kila siku, umeshajua.

Sasa simu. Kabla hujajiandikisha popote, piga namba waliyokupa siku ya Jumamosi, saa tatu usiku. Usione aibu. Pima ni nani anapokea, na kama anayepokea anaweza kusaidia au anakwambia usubiri ofisi ifunguliwe. Gari kuja mara moja kwa wiki si ubaya, ikiwa katikati ya wiki kuna sauti inayojua jina la mama na dozi yake, na ina mamlaka ya kuibadilisha, au inaweza kumpata daktari wa kuibadilisha siku hiyohiyo. Uganda tangu mwaka 2004 wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuandika mofini wenyewe, na wagonjwa wameona faida. Sisi mara nyingi lazima daktari aandike. Kwa hiyo swali lako kwa muuguzi liwe: daktari wako ni nani, na unampataje Jumapili?

Nakuambia haya kwa sababu yaliwahi kunikuta. Mwanzoni mwa kazi yangu, katika kituo nilichokuwa, mzee mmoja aliishiwa mofini Ijumaa jioni. Kabati limefungwa, mwenye ufunguo amesafiri. Binti yake alinipigia simu mara saba hadi Jumatatu. Nilikuwa na maneno mazuri ya kumfariji, lakini chupa sikuwa nayo. Tangu hapo siachi nyumba bila kuhesabu siku zilizobaki kwenye chupa, nikaongeza tatu za tahadhari. Mtu anayefanya kazi hii kwa moyo atainyanyua ile chupa juu ya mwanga mbele yako.

Ziara ya kwanza pia itakueleza mengi. Ichukue saa nzima au zaidi. Tazama anaketi wapi: pembeni ya mama, au mlangoni na wewe? Anamuuliza mama mwenyewe anachokijua kuhusu ugonjwa wake na anachotaka kujua, au anakuvuta nje kunong'ona? Cicely Saunders, aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana sehemu ya mwili, ya moyo, ya jamaa zake na ya roho, na ukigusa moja ukaacha nyingine hayatulii. Mama wa Kichaga anaweza kuwa analia usiku kwa sababu ya nyonga, na pia kwa sababu shamba la migomba halijagawanywa na watoto hawazungumzi. Muuguzi mzuri atayasikia yote mawili. Atauliza pia kuhusu dawa za mitishamba bila kukaripia, maana akikaripia mtamficha. Na atauliza kama mama anataka mchungaji, padre au shehe, kisha atafuata anachosema mama hata kama yeye binafsi anaamini tofauti.

Atapima maumivu kwa vidole: mkono uliofumbwa ni hakuna, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, chenye makao yake Kampala, kina dodoso fupi la maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemtunza, kuanzia maumivu hadi amani ya moyo na wasiwasi wa familia. Waulize kama wanalitumia au wana lao linalofanana nalo, na ni mara ngapi. Wanaopima na kuandika ndio wanaojua kama mgonjwa anaendelea vizuri.

Kuhusu harufu. Wengi huona haya kuliandika, na huenda hata wewe umeliruka. Ugonjwa huu huleta majimaji yenye harufu, na mama wengi hujifungia, hukataa wajukuu, hukataa hata kula na watu. Harufu hiyo ina dawa. Inatokana na vijidudu vinavyoishi kwenye nyama iliyokufa, na metronidazoli, ile ile Flagyl mnayoijua, huipunguza sana kwa siku chache tu: hunywewa, na kwenye kidonda cha nje vidonge vilivyosagwa hunyunyizwa. Kwa uke, muuguzi akuelekeze mwenyewe namna ya kuitumia. Huduma ambayo haijawahi kumtamkia mama habari hii haijamtazama. Hali kadhalika damu. Wakuambie mapema kwamba inaweza kutoka nyingi, waandae nanyi kanga au taulo za rangi nyeusi zikae karibu ili mama asione damu ikitapakaa kwenye shuka jeupe, na wawape namba ya kupiga na dawa ya kumtuliza. Ni mazungumzo magumu, lakini kimya chake ni kibaya zaidi.

Fedha. Kampuni zinazotoza kwa kila safari si mbaya kwa sababu hiyo. Nimefanya kazi na wauguzi wao walio hodari sana. Ila soma wanachouza. Mgonjwa akiwa katika siku za mwisho, mwili hauhitaji tena chakula na maji mengi, na dripu mara nyingi humwongezea uvimbe na makohozi kuliko nafuu. Huduma inayokuja na dripu kila siku, vipimo vya damu kila wiki na mtungi wa oksijeni kwa mtu asiye na shida ya kupumua, huku mama bado anauma kanga, inahudumia wasiwasi wa kaka yako. Omba bei zote kwa maandishi, pamoja na gharama ya simu ya usiku na ya mofini.

Zungumza pia na familia mbili ambazo kila huduma imewahi kuzihudumia na ambazo zimeshazika. Waulize jambo moja tu: wiki ya mwisho walikuwa wapi? Na baada ya maziko, kuna aliyekuja matangani, au aliyepiga simu mwezi uliofuata?

Ukishachagua, tafuta daftari. Kila asubuhi andika vidole vya maumivu ya usiku, saa alizolala, choo, mkojo, dozi za ziada, na kama ulipiga simu, ulisubiri muda gani. Siku mbili zikipita maumivu yakiwa palepale na hakuna aliyegusa dozi, piga simu. Wiki ikipita vivyo hivyo, badilisha huduma, na usimwonee mtu haya. Unaweza pia kuzichanganya: misheni kwa mofini na ushauri wa kitaalamu, kampuni kwa kumwosha na kumgeuza siku ambazo umechoka, alimradi daftari ni moja na anayeamua dozi ni mmoja.

Mimi kwa haya uliyoandika ningeanza na misheni, wakijibu vizuri swali la mofini na la simu. Mwambie kaka yako fedha zake hazitakosa kazi: godoro zuri la kuzuia vidonda vya mgongo, nauli ya bodaboda ya kufuata mofini kabla haijaisha, vocha, na mtu wa kulala na mama usiku mbili kwa wiki ili nawe ulale. Na kabla hamjaamua, mama akiwa ameshapata dozi na ametulia, mketie karibu umuulize yeye anamtaka nani aingie chumbani kwake.