Rodgers peke yake hakuizamisha Jets 2024
Ndugu, kumtupia Aaron Rodgers lawama zote za New York Jets, timu ya ligi ya soka ya Marekani (NFL), kumaliza msimu wa 2024 na ushindi 5 na vipigo 12 ni kumwonea. Uzee ulionekana, sikatai: alikuwa kashatimiza miaka 40, anatoka kwenye jeraha la kano ya kisigino, hakimbii tena. Lakini kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) aliyetoa pasi 28 za tachidauni, yaani zilizozaa alama, si maiti.

Angalia mechi zenyewe walizopoteza kwa pointi chache. Denver 10-9, tena nyumbani, na teke la mwisho likakosa lango. Buffalo 23-20, mateke mawili nje. New England 25-22. Indianapolis 28-27. Hapo ni mpiga mateke na ulinzi uliolegea dakika za mwisho, Rodgers anaingiaje?

Halafu mwenye timu akamfukuza kocha Robert Saleh baada ya mechi 5 tu, akiwa na ushindi 2. Chini ya kocha wa muda Jeff Ulbrich wakashinda 3, wakapoteza 9. Yaani dawa ikawa mbaya kuliko ugonjwa. Na hawa Jets hawajaonja mchujo (mechi za mtoano za mwisho wa msimu) tangu msimu wa 2010, Rodgers akiwa bado timu ya Green Bay!