Kobe dume na jike ndani ya nyumba: usiwaweke tangi moja

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu kobe wa maji ni hili: nina dume, je, nimtafutie jike ili asikae peke yake? Jibu langu ni hapana. Ukiwa unafuga ndani ya nyumba, ndani ya tangi la kioo, dume na jike wasikae pamoja, hata kama tangi ni kubwa, hata kama leo wanaonekana kupatana. Anayeumia ni jike, naye huumia kimyakimya kwa sababu kobe halii.

Mimi naishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako maziwa huganda wakati wa baridi na mnyama wa aina hii hana budi kukaa ndani. Kobe wangu ni wale wenye alama nyekundu nyuma ya jicho, kitaalamu Trachemys scripta elegans, asili yao bonde la mto Mississippi. Niliwapokea wawili kwa pamoja kutoka familia iliyokuwa inahama. Walikuwa wamelelewa tangi moja tangu wadogo, na wenyewe waliniambia kwa furaha kwamba hawa wanapendana, kila siku hupandiana migongo chini ya taa ya joto.

Nilipomnyanyua yule jike nikamgeuza taratibu, niliona shingo ina makovu, mapya juu ya ya zamani. Ngozi ya mguu wa nyuma ilikuwa imechunika, na ncha ya mkia haipo. Mchana kutwa alikaa juu ya jukwaa la kuotea joto, akishuka majini kula tu, na hata huko alikuwa akila huku akigeuka nyuma. Dume, mdogo kuliko yeye karibu nusu, alikuwa hana hata mchubuko.

Ili uelewe inakuwaje, mtazame dume anapotongoza. Huogelea akaja mbele ya jike, uso kwa uso, akanyoosha mikono yote miwili viganja vikitazama nje, kisha akazitetemesha kucha zake ndefu pembeni mwa mashavu ya jike, haraka haraka mpaka macho yako yanashindwa kuzihesabu. Ni kitu kizuri kukitazama, na ndicho kinachowafanya watu wapige video. Jike akikubali, hutulia na kuzama chini. Akikataa, dume hurudia, na akichoka kubembeleza huanza kung'ata: shingo, miguu, mkia. Akifanikiwa kumpanda, hulishika gamba lake kwa kucha na jike hupata shida kupanda juu kuvuta pumzi.

Mtoni, jike akikataa huenda zake. Maji ni mengi, magogo ya kuotea jua ni mengi, na dume atatafuta mwingine. Aliyefika Changuu, kile kisiwa mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ameona jambo hilo hilo kwa kobe wakubwa wa nchi kavu waliotoka Shelisheli: dume hupanda na kuguna kwa sauti, jike akichoka hutambaa akaondoka, maana uwanja upo. Ndani ya tangi la mita moja na nusu jike ataondoka aende wapi? Akigeuka, dume yule yule yuko mbele yake. Asubuhi, mchana, jioni, mwaka mzima, kwa sababu ndani ya nyumba joto na mwanga havibadiliki, na dume hapati msimu wa kupumzika.

Kuhusu kupandiana migongo chini ya taa, naomba tuliache kabisa neno upendo. Kobe wa maji anahitaji kukauka na kupata joto kila siku, la sivyo gamba huanza kuoza na chakula hakisagiki vizuri tumboni. Penye jukwaa dogo na taa moja, mwenye nguvu hukaa juu na mwingine hukosa mwanga. Huo ni ugomvi wa nafasi.

Wengi hawajui kama wana dume au jike, na hilo si kosa lao, kwa sababu kobe akiwa mdogo hajulikani. Subiri gamba lifike kama sentimeta 10. Hapo dume huanza kuota kucha ndefu za mikono, ndefu waziwazi kuliko za miguu, na mkia wake ni mnene na mrefu, tundu la haja likiwa mbali, nje ya ukingo wa gamba. Jike ana kucha fupi, mkia mfupi mwembamba, na hukua mpaka sentimeta 25 au zaidi, wakati madume wengi huishia kwenye 18 au 20. Marekani imepiga marufuku tangu 1975 kuuza kobe wa maji ambao gamba halijafika inchi 4, yaani kama sentimeta 10, kwa sababu watoto wengi walikuwa wanawatia mdomoni na kuugua salmonela, bakteria wa kuharisha. Lakini bado wanauzwa kando ya barabara na ufukweni, wawili wawili kwenye kijisanduku cha plastiki, na mnunuzi hawezi kujua amebeba jinsia gani. Ukishawabeba hivyo, waandalie nafasi mbili tangu mwanzo. Dume hupevuka mapema sana kuliko jike, hivyo atakuwa anamsumbua jike ambaye mwili wake bado haujawa tayari.

Sasa kutenganisha. Bora kabisa ni matangi mawili. Kipimo ninachotumia ni lita 15 za maji kwa kila sentimeta ya gamba: jike wa sentimeta 25 anataka lita 375, dume wa sentimeta 18 anataka 270. Hayo ni maji ya karibu kilo 650, bado hujahesabu kioo na meza. Kama unakaa ghorofani, zungumza na mwenye nyumba kwanza, na uyaweke matangi kandokando ya ukuta imara, yasikae katikati ya chumba. Wengine hutumia mapipa makubwa ya plastiki ya kunyweshea ng'ombe; ni mepesi, ni nafuu, na kobe halalamiki kwamba hukumwekea kioo.

Ukilazimika kugawa tangi moja katikati, weka kizuizi kisichopitisha mwanga. Kioo au plastiki angavu haifai. Dume akimwona jike upande wa pili hukesha akikwaruza, hata kula hali. Wavu nao unaacha vidole na pua vipite, na meno yapo upande wa pili. (Kobe hana meno, ni mdomo mkali kama wa ndege, lakini ukikung'ata hutaona tofauti.) Kizuizi kiwe kirefu kupita maji na kupita jukwaa, maana kobe hupanda kuliko watu wanavyodhani. Kila upande uwe na jukwaa lake, taa yake ya joto, taa yake ya UVB, yaani ya miale isiyoonekana kama ile ya jua. Maji yabaki nyuzi 24 hadi 26, jukwaani nyuzi 32 hadi 35. Jua la dirishani halihesabiki, kwa kuwa kioo huzuia miale anayoihitaji ili atumie kalisiamu. Taa ya UVB huchakaa kabla ya kuzimika, kwa hiyo ibadilishe kwa tarehe aliyoiandika mtengenezaji, hata kama bado inang'aa. Na ukumbuke kwamba tangi lililogawanywa bado lina maji mamoja: mmoja akiugua, wahesabu wote wawili.

Niliwatenganisha siku ile ile walipofika. Dume alihangaika kwa muda, akizunguka na kukwaruza pembe za tangi, kisha akatulia. Jike alianza kushuka majini. Kwanza kwa dakika chache, kisha akawa analala chini kabisa, shingo imenyooshwa, jambo ambalo wenyewe wa zamani hawakuwahi kuniambia wameliona. Vidonda vilifunga. Binti wa dada yangu alimwonea huruma: "Mama mdogo, si atakuwa mpweke?" Nilimwambia kobe hawa hawaishi kwa jozi. Mama hutaga, hufukia, huondoka, na mtoto hukua bila kumjua mtu. Huo upweke ni wetu sisi wanadamu, tunawavika wao.

Kitu kimoja kutenganisha hakikiondoi: mayai. Jike aliyekomaa hutaga hata asipowahi kuonana na dume, na aliyewahi kuonana naye anaweza kutunza mbegu mwilini kwa miaka na kutaga mayai yenye uhai wakati dume keshasahaulika. Ukimwona anahangaika, anataka kutoka tangini, anakataa chakula, anachimba hewa kwa miguu ya nyuma, ujue anatafuta udongo wa kutagia. Mpe sanduku kubwa kuliko yeye mara kadhaa, lenye udongo uliochanganywa na mchanga, lenye unyevu wa kushikana mkononi, kina cha sentimeta 25 hadi 30, mahali pa utulivu. Mwache, usimchungulie kila dakika. Asipopata pa kutagia huyazuia, na mayai yakikwama humuua. Akiwa mnyonge, macho yamefumba, au anakamua bila kutoa kitu, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua wanyama watambaao. Atampiga eksirei, na kwa kawaida huanza na kalisiamu na sindano ya kusukuma mayai kabla ya kufikiria kupasua. Mtafute daktari huyo leo, kabla hujamhitaji, kwa sababu wengi wanatibu mbwa na paka tu.

Mayai yenyewe mimi huyagandisha kwenye friza mara tu yanapotagwa. Najua wapo wanaotaka kuona vitoto. Mfikirie kila mmoja akiishi miaka 20, 30 au zaidi, kila mmoja akidai lita zake mia kadhaa, na madume wakipigana wao kwa wao vibaya kuliko wanavyomsumbua jike.

Kwa dume nako kuna jambo linalotisha wageni: wakati mwingine hutoa uume wake majini, kitu kikubwa cheusi, na watu hudhani utumbo umetoka. Ukirudi wenyewe baada ya muda mfupi ni kawaida. Usiporudi, mweke peke yake kwenye maji safi kidogo, usiache ukauke, na umkimbize kwa daktari siku hiyo hiyo. Kobe mwingine akiwa humo atauona kama chakula.

Na kama nyumba yako haina nafasi ya matangi mawili, mtoe mmoja. Usimpeleke kwenye bwawa wala mto, hata kama yanafanana na makwao. Aina hii imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na Umoja wa Ulaya ulikataza kumuuza na kumzalisha tangu 2016 kwa sababu ya wale walioachiwa na wenyewe. Vyama vya uokoaji wa wanyama watambaao vipo katika miji mingi, ingawa foleni ni ndefu, basi anza kupiga simu mapema. Ukimpata mtu binafsi, mpe kobe pamoja na taa, kichujio na jukwaa lake, na kabla hujamkabidhi muulize kama ana kobe mwingine nyumbani, wa kiume au wa kike, na huyu mpya atakaa wapi.