Ukiongeza kasi ya prosesa, ijaribu saa nane mchana

Kwanza niseme: zile kompyuta za Dell OptiPlex za mtumba kutoka maofisini usihangaike nazo. Ubao mama wake haukuruhusu kugusa kasi ya prosesa. Kwa Intel unatafuta prosesa yenye herufi K mwishoni mwa jina na ubao unaoikubali. Mimi bado nina Core i5-2500K ya mwaka 2011. Ni mzee, lakini hesabu yake ni nyepesi: MHz 100 mara kizidishi. Kiwandani ni 33, yaani GHz 3.3. Ukiweka 42 kwenye BIOS, ile programu ya mipangilio iliyomo ndani ya ubao mama, una GHz 4.2, na nyingi za aina hii hufika hapo bila kelele.

Baada ya hapo ndipo subira inapoanza. Pandisha kizidishi namba moja tu, endesha Prime95 (programu ya kuibana prosesa kwa mzigo mzito), tazama joto, andika kwenye daftari. Ikija skrini ya buluu, yaani Windows imeanguka, ongeza volti 0.01 au 0.02, au shuka. Usiguse volti na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwa mpigo, maana ikigoma hutajua mchawi ni nani.

Daftari langu lina mistari kama hii, kizidishi kikitangulia: “44, volti 1.25, nyuzi 71, safi.” Halafu: “46, volti 1.35, nyuzi 88, gemu imejizima.” Joto hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Piga hesabu ya mistari hiyo miwili: kasi imeongezeka chini ya asilimia 5, umeme unaoliwa karibu asilimia 22. Kwangu hiyo si biashara, nimebaki 44.

Sasa suala la joto letu. Video nyingi za mafunzo hurekodiwa kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Feni haina uchawi, inapuliza hewa iliyomo chumbani. Chumba kikitoka nyuzi 24 usiku hadi 32 mchana, prosesa nayo hupanda takriban nyuzi hizo hizo 8. Kilichofaulu jaribio saa saba usiku huku AC inanguruma, Dar ya Februari saa nane mchana hukiangusha. Kwa hiyo jaribu mchana, AC imezimwa, mfuniko wa kasha umefungwa.

Na Prime95 isikudanganye. Yenyewe hubana mzigo ule ule muda wote, gemu hubadilisha mzigo kila dakika, na kompyuta iliyovumilia usiku kucha huweza kuanguka katikati ya mechi. Cheza siku kadhaa kabla ya kujisifu kwa washkaji. Tena kama kadi ya michoro inafanya kazi kwa asilimia 99 muda wote, kuikimbiza prosesa hakutakuongezea fremu (picha za gemu kwa sekunde) za maana.

Skrini ikibaki nyeusi, usikimbilie kwa fundi. Chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya CR2032 kwenye ubao kwa dakika chache, irudishe. BIOS itaamka na mipangilio ya kiwandani. Faili za kazi na picha za familia zihamishie kwenye diski nyingine kabla hujaanza, kwa sababu RAM isiyotulia huharibu faili kimyakimya, bila hata skrini ya buluu kukushtua.