Meneja wa mradi wa programu na habari mbaya zinazochelewa

Mkuu mleta uzi, hongera kwa cheo kipya. Umesema umeandika programu kwa miaka mingi, sasa umekabidhiwa timu, na bosi wako anakusisitizia ujifunze stadi laini. Wewe unaziona ni maneno ya semina, unauliza kama si bora ukatafute cheti cha PMP, kile cha kimataifa cha usimamizi wa miradi. Nimesimamia miradi ya mifumo ya SACCOS na taasisi ndogo za mikopo, hapa Dar na mikoani, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona huko.

Kusikiliza, kuongea na watu, kusuluhisha, uvumilivu: kwa meneja wa mradi vyote hivi vina kazi moja kubwa, kukufikishia ukweli mapema, wakati bado unaweza kufanya kitu. Ulipokuwa unaandika programu, kosa lilijitokeza lenyewe kwenye kioo. Sasa makosa mengi yamekaa vifuani mwa watu, na hayatoki mpaka mtu aone ni salama kuyatoa.

Tulikuwa na kijana mmoja hodari sana aliyepewa kazi ya kuunganisha mfumo na malipo ya simu. Kila Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi jibu lake lilikuwa lile lile: "Inaenda vizuri, kaka, imebaki kidogo." Lakini alikuwa akiongea huku anatazama meza. Sikumbana mbele ya wenzake. Kikao kilipoisha nikavuta kiti nikakaa karibu naye, nikamwambia, "Hebu nionyeshe muamala mmoja unavyopita, hata kama unakatikia njiani." Akafungua kompyuta, akanyamaza, kisha akasema, "Kaka, kusema kweli kampuni ya malipo bado hawajanipa ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wao wa majaribio. Nawaandikia barua pepe, hawajibu." Kumbe kazi yote ile alikuwa akiijaribu kwa majibu aliyoyatunga mwenyewe, na aliogopa kwamba akisema amekwama ataonekana hajui kazi.

Nilimshukuru kwa kuniambia, na nilimaanisha. Kisha nikampigia simu meneja wa SACCOS pale pale, kwa sababu mkataba na kampuni hiyo ulikuwa wa kwao, sisi hatukuwemo. Barua za kijana wetu zingekaa bila majibu hata mwaka mzima, kwani upande wa pili hawakuwa wanamjua. Simu moja ya mteja ndiyo iliyofungua mlango.

Siku chache baadaye dada anayepima mfumo alikuja mwenyewe mezani kwangu. Riba kwenye mkopo unaopunguzwa kabla ya muda ilikuwa haifanani na hesabu ya zamani ya chama, na alikuwa ameliona hilo kitambo. Alikuja kwa sababu alikuwa ameona mwenzake aliposema ukweli hakufokewa. Hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili. Ukimfokea wa kwanza, utakaa na mradi unaokwenda vizuri kwenye ripoti mpaka siku ya kukabidhi.

Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa, na ni malezi mema, siyapingi hata kidogo. Ila kijana aliyelelewa hivyo hawezi kusimama kwenye kikao akamwambia bosi wake kwamba tarehe iliyoahidiwa haitawezekana. Mkubwa ndiye anayepaswa kumfungulia njia. Usiulize "umefika asilimia ngapi?" kwa sababu utajibiwa tisini, na wiki ijayo tisini. Omba kuonyeshwa. Uliza nani anasubiriwa. Na uliza mkiwa wawili.

Kwa watumiaji wa mfumo ni hivyo hivyo, tena kwao ni vigumu zaidi kwa kuwa wewe ni mgeni. Kwenye SACCOS moja tulifanya mafunzo ukumbini, mwenyekiti na meneja wamekaa mbele, makarani nyuma. Kila tukiuliza "mmeelewa?" tunaitikiwa "ndiyo". Baadaye nikaomba kukaa na mama mmoja karani wa mikopo kwenye meza yake, asubuhi nzima, bila kumfundisha chochote. Pembeni ya kompyuta alikuwa na kaunta buku. Mwanachama akija kuomba mkopo, mama anamwandika kwenye kaunta buku kwanza, kompyuta haigusi.

Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza kwamba mfumo unakataa kuhifadhi ombi mpaka wadhamini wote wajazwe, na wanachama wake wengi huja na mdhamini mmoja, wa pili yuko zamu au amesafiri, atakuja Alhamisi. "Sasa nimrudishe mtu nyumbani?" Nikamwambia, "Mama, mbona siku ya mafunzo hukutuambia?" Akanitazama. "Mwanangu, ile fomu aliipitisha meneja, na meneja alikuwa amekaa pale mbele. Ningesemaje?"

Kuruhusu ombi lihifadhiwe likiwa halijakamilika ilikuwa kazi ndogo kwa waandishi wetu wa programu. Kuigundua ndiyo ilikuwa kazi. Na bila kuigundua, chama kingelipia mfumo mzima huku kikiendelea kuendeshwa kwa kaunta buku.

Anayedhani haya ni mambo ya miradi midogo aangalie M-Pesa. Safaricom na Vodafone walipoanza kuijaribu Kenya mwaka 2005, pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Watu wa majaribio wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, kwa mambo yao. Waliokuwa wanasimamia wangeweza kuuita huo matumizi mabaya ya mfumo. Wakatazama watu wanafanya nini na kwa nini, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kutuma fedha nyumbani ndiko kulikobeba huduma nzima. Mimi huwakumbusha vijana wangu hili kila mteja anapotumia kitu tofauti na tulivyokusudia.

Sasa upande wa mteja mwenye fedha. Hapa utakutana na mambo mawili. La kwanza ni "kaongezeni kitu kidogo tu". Usikatae kwa mkato, na usikubali kwa haya, maana ukikubali kwa haya watakaokesha ni vijana wako. Mimi husema, "Mwenyekiti, inawezekana. Tukiiweka mwezi huu, ripoti ya gawio inasogea hadi baada ya mkutano mkuu. Tutangulize ipi?" Mara nyingi huchagua gawio, kwa kuwa anajua wanachama watamuuliza nini ukumbini. Uamuzi unakuwa wake, na heshima inabaki pande zote mbili. Jioni yake andika mlichokubaliana, umtumie.

La pili ni "mmechelewa, ongezeni watu". Linatamkwa kwa nia njema, na ni gumu kulipinga. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wageni wanahitaji kufundishwa, na wanaofundisha ni wale wale waliokuwa wanafanya kazi. Tena njia za mawasiliano zinazidi kuliko watu wanavyozidi: timu ya watu 5 ina jozi 10 za watu wa kuelewana, timu ya 10 ina jozi 45. Nimewahi kuichora hesabu hii ubaoni mbele ya bodi, kwa vidoti na mistari, bila neno hata moja la kitaalamu. Wakaacha habari ya kuongeza watu, tukaanza kuzungumza ni sehemu zipi zinaweza kungoja. Kuweza kuwaelezea wazee wa bodi jambo la namna hiyo, kwa upole na bila kuwafanya wajione hawajui, kuna faida kwa timu yako kuliko lugha yoyote mpya ya programu utakayojifunza mwaka huu.

Kuhusu PMP: ni cheti kizuri, sikukatishi tamaa. Lakini muhtasari wa mtihani ulioanza kutumika Januari 2021 ulitenga asilimia 42 ya maswali kwa mambo ya watu: migogoro, kuongoza timu, kuwasaidia watu waliokwama. Kwa hiyo hata huko hutazikwepa stadi hizi. Tena mwenye shahada anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani, pamoja na saa 35 za mafunzo. Wewe umeanza kuongoza juzi, kwa hiyo muda unao. Jumatatu hii muombe mmoja wa vijana wako akuonyeshe kazi yake mkiwa wawili tu, kisha rudi hapa utuambie umekuta nini. Nitakuwepo kwenye uzi huu, na kama kuna jambo la timu yako unaona gumu kuliandika hadharani, nitumie ujumbe binafsi.