Nimefuta TFC yangu (kazi ya kumaliza masomo) mu kle USB, inaweza kurudi?

Swali: Yaya, jambo. Niko Kadutu, Bukavu. Jana usiku nilikuwa napanga kle yangu juu ilijaa miziki, nikafuta dosiye moja bila kuangalia, kumbe TFC yangu yote ilikuwa mu ndani, kurasa 48, na nautetea wiki ijayo. Mu korbeye ya ordinatere (kapu ya vyenye vimefutwa) hakuna kitu. Usingizi umekataa.

Jibu: Pole sana dada yangu, hiyo inauma. Toa kle sasa hivi na usiweke tena kitu ndani, hata picha moja. Fishie ya kle ukiifuta haipitiagi mu korbeye, njo maana hukuiona, lakini bado haijatoka, ordinatere imefuta tu alama ya kuonyesha iko wapi, ni kama meza ya soko yenye mama ameondoka na bilauri zake ziko bado juu, shida ni siku mwingine atakuja kupanga vyake.

Kwanza angalia mu imeli, labda ulishaituma kwa direktere wako, mwenye kusimamia TFC. Kama hapana, tafuta PhotoRec, programu ya kurudisha fishie zenye zimefutwa, ni ya bure, uiweke ku ordinatere, SI ku kle, na vyenye itapata uviweke pia ku ordinatere. Jaza batri mbele, kura yetu (umeme) unaijua. Majina yatapotea, utaona namba tu, fungua za .docx moja moja mpaka uone yako. Windows ikikuuliza kuformate kle (kuisafisha upya), kataa kabisa.