Manowari Thrush: kimeli kidogo kilichopiga jumba la sultani Zanzibar

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Vita vya Zanzibar vya 1896 Waingereza walikuwa na meli kubwa tu bandarini, sasa ilikuaje Thrush, meli ndogo vile, ikawekwa mbele kupiga jumba la sultani? Na ikaishia wapi?

JIBU: Marahaba. Udogo wake ndo jibu lenyewe. Thrush ilishushwa majini 1889 kule Greenock, Scotland, tani 805 tu, urefu kama mita 50, mbavu za chuma ila ubavuni mbao, ina injini ya stimu na matanga juu. Meli za aina hii zilitengenezwa kwa doria za makoloni, maji madogo, kukaa karibu na nchi kavu, na silaha yake kubwa ni mizinga 6 ya inchi 4. Hiyo huwezi kupigania na manowari kubwa ya Ulaya, lakini kwa jumba lililojengwa kwa mbao nyingi, na meli imetia nanga mbele yake kabisa, inatosha na kubaki.

Kabla ya hapo, 1890 hadi 1891, nahodha wake alikuwa Prince George, yule aliyekuja kuwa mfalme George V, wakafanya kazi upande wa Amerika Kaskazini na Karibi.

Sasa tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila Waingereza kumkubali, kagoma kutoka jumbani, muda aliopewa na Waingereza unaisha saa 3 asubuhi, dakika 2 baadaye Thrush na manowari nyingine za Waingereza, Raccoon na Sparrow, wakafungua moto, na risasi ya kwanza kabisa ya Thrush ikaangusha mzinga mmoja wa Khalid palepale. Watu wengi wanaiandika Thrush ndo iliyozamisha Glasgow, meli ya sultani, hapana jamani, Glasgow ilifyatuliana na St George, manowari kubwa ya Waingereza, zilizozamishwa na Thrush ni zile boti 2 za stimu zilizokuwa zinaipiga kwa bunduki. Upande wa Waingereza majeruhi ni mmoja tu, baharia wa hiyohiyo Thrush, wakati upande wa Khalid watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa, na hilo linaniuma kila nikilisoma.

Baadaye 1906 ikawa ya ulinzi wa pwani, 1915 meli ya nyaya za chini ya bahari, 1916 ya kuokoa meli zilizopata ajali, na Aprili 1917 yenyewe ikavunjika karibu na Glenarm, Ireland ya Kaskazini. Ukitaka kuchimba zaidi, madaftari ya safari za manowari za Uingereza yako kwenye hifadhi ya taifa Kew, London, ulizia fungu la ADM 53.